"Excuse me" ya Unguja si moja!

Washikaji wa Dar, mkishuka bandarini Malindi hizo "oya" ziacheni kwenye boti. Unguja wana neno lao kwa kila shughuli.

Juzi nilimtembeza Mwingereza mmoja Mji Mkongwe, akaniomba neno moja tu la kusemea "excuse me". Moja? Thubutu! Tuko kwenye kichochoro cha Mkunazini, kile cha kupishana bega kwa bega, mara nyuma yetu: "Simile! Simile!" Mgeni kaganda katikati anapiga picha, anadhani ni salamu. Nikamvuta ukutani, gari la hamali likapita na magunia yake, chupuchupu limkanyage mguu. Simile ni pisha njia, na mkokoteni hauna breki bwana.

Mlangoni kwa watu ni hodi. Ukipiga tatu kimya, geuza uende zako. Wazee wa barazani unawatolea salamu kwanza, "samahani" inafuata. Ukianza na samahani utaelekezwa njia, ila kwa jicho fulani hivi! Na haja ikikubana pale Forodhani, sema "kumradhi" kabla hujauliza msalani ni wapi.

Halafu Kiunguja hiki hiki ndicho kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Shuleni mimi nilipewa samahani peke yake. Hizo nyingine kazifuateni wenyewe, boti zipo kila siku.