Namba 237

Kabla hujaisifu rangi, kabla hujaomba funguo, chungulia kwenye kioo cha mbele, upande wa dereva. Ndivyo alivyonifundisha rafiki yangu mmoja, Mkenya, fundi wa magari hapa Lansing, Michigan. Magari ya General Motors kuanzia yale ya 1968 yana namba ya chesisi juu ya dashibodi, kwenye kibati kidogo, unaisoma ukiwa umesimama nje. Kama ni Pontiac GTO ya mwaka huo, namba inaanza na 242. Ikianza na 237, hiyo ni Le Mans: umbo lile lile, kampuni ile ile, lakini haikutoka kiwandani na jina la GTO.

Gari nililokwenda kulitazama Jumamosi moja ya Aprili lilikuwa na herufi GTO mbele na nyuma. Nikachungulia. 237.

Niseme kwanza mtu wa Tanga alifikaje hapo. Mwaka 2003 hivi, kwenye banda la video mtaani kwetu, tuliona filamu ya xXx, ile ya Vin Diesel, ambayo ndani yake kuna GTO ya 1967 ya rangi ya zambarau. Hadithi yenyewe nimeshaisahau karibu yote. Gari sijalisahau. Sisi tulizoea Peugeot 504, pikapu za Datsun, Land Rover za serikali, yaani magari ya kazi, yanayokufa na kufufuliwa mpaka yachoke kabisa. Lile la zambarau halikuonekana kuwa na kazi yoyote zaidi ya kukimbia na kupiga kelele. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na sikujua kwamba mtu mzima anaruhusiwa kutengeneza kitu cha namna hiyo.

Miaka ishirini baadaye naishi Michigan, mwendo wa saa moja na nusu kutoka mji wenyewe wa Pontiac, ulioipa kampuni jina lake. Mji nao ulipewa jina la kiongozi wa Waodawa aliyeizingira ngome ya Detroit mwaka 1763. Jina limepita mikono mingi. General Motors waliifunga Pontiac mwaka 2010, kwa hiyo anayenunua gari lao leo ananunua mali ya marehemu. Nilikuwa na dola elfu thelathini, za miaka saba ya kujibana na kufanya kazi za usiku. Mke wangu hakukataa. Aliuliza tu, "Baba watoto, na msingi wa Pongwe je?" Kiwanja chetu cha Pongwe kina msingi tangu 2019, na majani yameshaanza kuota ndani ya vyumba. Sikuwa na jibu la maana. Sina hadi leo.

Mwenye gari alikuwa mama wa Kimarekani mweusi, umri wake umepita sabini, mjane. Marehemu mumewe alifanya kazi kiwandani pale Pontiac hadi alipostaafu. Gari lilikuwa gereji nyuma ya nyumba, limefunikwa mashuka mawili ya kitandani, la kijani iliyokoza, na lile bampa la mbele la 1968 ambalo si la kung'aa kama ya zamani bali limepakwa rangi moja na bodi. Aliliwasha mwenyewe. Ukisikia kwenye filamu unasikia kwa masikio. Pale nilisikia kwenye meno. Lita 6.6, wakati Vitz ya kwetu ina lita moja na inabeba familia nzima.

"GTO ya mume wangu," akasema. "Elfu thelathini na sita."

Rafiki yangu akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Umeiona namba? Mwambie. Hapo unashuka elfu kumi bila jasho."

Hilo ndilo lililonikwama kooni. Ukweli wenyewe ulikuwa upande wangu, na ulikuwa na faida ndani yake. Wenzetu wa huku wana majina mawili ya gari kama lile. Anayeuza huliita gari la heshima, limetengenezwa kwa kuienzi GTO. Anayenunua huliita feki. Na huyu mama hakuwa anatumia hata moja ya majina hayo. Yeye alikuwa anauza gari la mumewe.

Nikamwambia. Nilimwonyesha kibati, nikamweleza 237 na 242, nikijaribu kutumia sauti ya mtu anayesoma matokeo ya hospitali. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaingia ndani, na kwa muda tukadhani mambo yameishia hapo. Alirudi na daftari la kurasa zilizogeuka njano, lenye risiti zilizobanwa kwa pini. Mumewe aliinunua Le Mans ile mwaka 1983 kwa jirani. Injini ya 400 aliitoa kwenye gari lililopata ajali. Boneti, bampa, taa, kila kitu kimeandikwa tarehe na bei, hata skrubu. Ukurasa wa mwisho una bei ya zile herufi tatu.

Mama akaufunga mkono wake juu ya daftari. "Miaka arobaini aliniambia ni GTO. Mwanangu, alikuwa ananidanganya?"

Sikuwa nimekwenda pale kujibu swali la namna hiyo. Lakini nilikuwa nimesoma sana habari za gari hili, kama sisi watu wa vitabu tunavyosoma, kwa kupitiliza, na nikajikuta namsimulia 1964.

Wakati ule General Motors walikuwa na sheria ya ndani: gari la ukubwa wa kati lisitiwe injini inayozidi inchi za ujazo 330, karibu lita 5.4. John DeLorean na wenzake pale Pontiac wakachukua Tempest, gari la kawaida la kwendea kazini, wakalitia injini ya 389 iliyokuwa ya magari makubwa. Ili wasikamatwe na sheria hawakuliita gari jipya. Waliliuza kama Tempest ya kawaida ambayo mteja anaongezewa vikorombwezo akilipia, na vikorombwezo vyenyewe vikaitwa GTO, jina waliloliazima Ferrari bila kuomba. Mwaka wa kwanza zilinunuliwa zaidi ya elfu thelathini na mbili. Ndiyo hiyo inayotajwa kama mwanzo wa magari ya misuli. GTO za 1964 na 1965 hata namba ya chesisi haziwezi kukwambia kitu. Mpaka 1966 ndipo ikapewa namba zake yenyewe.

"Kwa hiyo," nikamwambia mama, "GTO ya kwanza nayo ilikuwa Le Mans au Tempest iliyotiwa injini kubwa na kubandikwa herufi tatu. Mumeo alifanya walichofanya wao."

Rafiki yangu alinitazama kama mtu aliyemwona mwenzake akirudisha chenji aliyozidishiwa. "Sasa unampandishia bei," akasema kwa Kiswahili.

Sikusema vile kwa ajili ya kumfariji tu. Nilikuwa naamini, na bado naamini, ingawa mwenye GTO ya 242 atanicheka. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tenzi nyingi kwa mkono wake, wataalamu wa Ulaya wakazinunua, na leo tunazisoma kwa adabu zote bila kuziita feki kwa sababu hakuzitunga yeye. Tofauti ni kwamba nakala yake haijidai kuwa kitu kingine. Na hapo, nakiri, herufi zile tatu zinanitatiza. Daftari linasema ukweli. Gari linasema uongo kidogo. Mtengenezaji ni mmoja.

Mama hakuniambia kama jibu limemtosha. Alisema thelathini, nikasema ishirini na nne, tukaishia ishirini na saba. Akanipa sharti: herufi zisibanduliwe.

Kuna jambo limekuwa likinirudia usiku. Kama mambo yangekuwa kinyume, yeye anauza Le Mans ya bei rahisi na mimi nimeona 242 kwenye kioo, ningesema? Napenda kufikiri ningesema. Lakini ninamfahamu yule kijana wa bandani, na ninafahamu nilivyokuwa nimeibana ile bahasha ya pesa mfukoni. Sina uhakika naye.

Wiki mbili baadaye nililifuata. Kadi ikasainiwa mezani jikoni, daftari nikapewa pamoja na funguo. Nikashika barabara ya M-59 kurudi magharibi, rafiki yangu nyuma na gari lake, endapo. Karibu na Howell lori lilisimama ghafla mbele yangu, nikagundua maana ya kilo elfu moja na mia sita juu ya breki za zamani: unakanyaga, halafu unasubiri. Nilifika nyumbani shati limelowa, harufu ya petroli imenishika mpaka kwenye nywele. Watoto wakapanda nyuma wakakataa kushuka. Mke wangu alizunguka gari mara moja, akasema ni zuri, akaingia ndani kupika.

Majira yote ya joto nilikuwa nalipeleka kwenye mikutano ya magari ya Jumapili. Wazee wanakuja wanatabasamu, wanainama kwenye kioo, wanasoma, wananyooka. Wengine husogea kwenye gari linalofuata bila neno. Wanaobaki nawafungulia daftari.

Mwezi Novemba simu iliita asubuhi na mapema. Alikuwa yeye. Hakusalimia sana, alitaka kujua kama nimeshaliingiza ndani, kwa sababu utabiri unasema theluji, na huku barabara zikishamwagwa chumvi bati linaliwa na kutu kuanzia chini. Mumewe, alisema, hakuwahi kulaza lile gari nje baada ya Oktoba. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mama. Lilikuwa bado liko nje. Nikakata simu, nikavaa koti juu ya kanzu ya kulalia, nikatoka na funguo.