Tunduma nilinunua beberu kwa pua

Msomaji wangu, Tunduma hata ukifumba macho utajua umefika. Kwanza ni dizeli ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia. Halafu mishikaki ya barabarani, halafu vumbi, halafu manukato makali ya kijana anayekufuata na burungutu la kwacha akitaka mbadilishane. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa pale mwaka 2019, lakini siku niliyokwenda mimi foleni ya malori ilikuwa usipime.

Mimi sikwenda kuvuka. Nilikwenda kutafuta beberu.

Msicheke jamani. Kwetu ni Mbozi, upande wa Vwawa, makao makuu ya mkoa huu wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mama anafuga mbuzi pembeni ya shamba la kahawa. Nilipokuwa kidato cha nne alimuuza beberu wake ili nilipe bweni na michango. Baadaye tukawa tunaazima beberu wa jirani, naye jirani akahama na mifugo yake. Sasa ni mwaka na nusu, majike wanne wanakula majani tu, zizini hakuna hata mtoto mmoja. Mama hajawahi kunitajia habari ya bweni. Lakini kila nikipita pale zizini naona kama wale mbuzi wananidai mimi.

Basi bwana, vijisenti vya safu hii nikavijumlisha na kibarua cha kuchuma kahawa, nikapata laki moja na thelathini. Nikapanda Coaster.

Pembeni ya mji kulikuwa na watu wenye mbuzi. Wa kwanza kunivutia alikuwa dume jeupe, pembe ndefu, limenona, manyoya safi kama limetoka saluni. Mwenyewe anataka laki moja na ishirini. Nikaanza kutoa pesa. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa na mbuzi wake wawili akakohoa.

"Kijana, unataka wa nyama au wa mbegu?"

"Wa mbegu, mzee wangu."

"Basi mnuse."

Nikadhani ananitania. Akaja mwenyewe, akaniinamisha, akaniwekea pua nyuma ya pembe za yule mweupe. Sikunusa kitu ila vumbi. Halafu akaniletea wake, mweusi, mfupi, ndevu zimegandamana kama brashi ya rangi. Sikuhitaji kuinama. Macho yalitoa machozi!

Kumbe nyuma ya pembe, msomaji, ndipo zilipo tezi za harufu za beberu. Zinaamshwa na homoni za kiume, kwa hiyo dume aliyehasiwa hazimfanyi kazi. Yule mweupe alikuwa amehasiwa kwa koleo. Ukihasi kwa koleo mfuko unabaki mahali pake, na mtu wa mjini akichungulia anaona kila kitu kipo, kumbe mambo yalikwisha zamani. Mwenye naye wala hakuona haya, akacheka tu: "Kwa nyama lakini humpati kama huyu, mdogo wangu." Wahenga wa siku hizi wanatuonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Mimi angekuwa kwenye gunia ingekuwa nafuu, maana ningelazimika kumnusa.

Mzee akanimalizia darasa. Ile harufu siyo uchafu, ni barua. Jike akiinusa mwili wake unaamka. Majike waliokaa muda mrefu bila dume, ukiwaletea beberu mgeni, wanaweza kuingia kwenye joto ndani ya siku chache. Niliporudi nikafuatilia, nikakuta mzee hakukosea. Mwaka 2014 wataalamu wa Japani waliwavalisha mabeberu kofia za kunasa harufu ya kichwani, wakapata ndani yake kemikali inayogusa ubongo wa jike pale panapoanzia homoni za uzazi. La kuchekesha ni kwamba kemikali yenyewe ikiwa peke yake inanukia kama limau. Ikikutana na hewa ndiyo inageuka kuwa uvundo tunaoujua. Na beberu haridhiki na tezi peke yake, anajikojolea hadi ndevu. Ndiyo manukato yake ya kutokea.

Wanyama wengi wanaandikiana hivyo. Tembo dume akiingia kwenye msimu wake wa ubabe, tezi zilizo kati ya jicho na sikio zinachuruzika. Joyce Poole na Cynthia Moss waliliandika hilo mwaka 1981 kwa tembo wa Amboseli, Kenya. Digidigi ana tezi mbele ya jicho, anachomeka kijiti humo taratibu na kuacha utomvu mweusi, ndiyo hati yake ya kiwanja. Fisi anapaka majani kwa tezi ya nyuma. Hata paka wako anapokusugulia shavu mguuni usidhani ni mapenzi matupu, anakupiga muhuri.

Nikalipa laki na kumi kwa yule mweusi. Kazi ikawa usafiri. Kondakta wa kwanza alisogea, akanusa, akafunga mlango. Wa pili akakubali kwa nauli ya watu wawili, beberu buti la nyuma. Hatujafika mbali mama mmoja akafungua dirisha: "Kaka, hivi huyo mbuzi yuko nyuma au umemvaa?" Gari zima likaangua kicheko. Nilikuwa nimejipulizia pafyumu niliyonunua pale pale Tunduma nipate kurudi nyumbani kama mtu. Haikusaidia kitu. Iliongeza tu utata.

Tulifika jua linazama. Mama alikuwa jikoni, hakuona kitu. Walioona ni majike. Kabla sijafungua zizi, wote wanne walikuwa wamesimama, pua juu, na yule mkubwa ambaye huwa hasumbuki na chochote akalia. Beberu naye akambenulia mdomo wa juu, meno nje, kama anayesoma maandishi madogo.

Mama akatoka na mwiko mkononi. Akamwangalia mbuzi, akaniangalia mimi, akauliza bei. Nikamwambia. Akanyamaza.

Siku ya tano yule mkubwa akaanza kutikisa mkia. Jana Mama alikuwa barazani anahesabu vidole vya mkono mmoja, miezi mitano. Mimi nimeshaoga mara nne, na dada bado ananipakulia ugali nikiwa nje.