Uwanda wa Gundagai hauna hata kibanda

Kinachoniudhi Gundagai ni nyasi. Ni mji mdogo wa New South Wales, karibu kilomita 400 kutoka Sydney ukielekea Melbourne, na katikati yake, kando ya mto Murrumbidgee, kuna uwanda mpana ambako hakuna anayejenga. Kwetu Dar pangeshakuwa na gereji, baa mbili na kanisa la mabati.

Binamu yangu ameshalipia kiwanja bondeni Dar, si mbali na mto Msimbazi. Picha aliyonitumia ilipigwa Septemba, vumbi tupu, dalali anatabasamu. Nikamwuliza, masika je? "Kaka, Mungu yupo."

Januari, Gundagai nako ungedanganyika: joto limepita nyuzi 30, nyasi za njano, mto umetulia. Ila tazama daraja la mbao la reli, lisilotumika tena, lilivyovuka uwanda wote. Urefu ule ndio unaokuambia mto ukiamua hufika wapi.

Uwanda huo ndio uliokuwa mji. Walowezi walipimiwa viwanja mle mle bondeni, ingawa Wawiradjuri, wenye nchi, waliwaonya. Mwaka 1844 maji yakaingia majumbani. Wakazi wakaomba wabadilishiwe viwanja wapewe vya juu, serikali ya koloni ikakataa. (Na mimi nilidhani urasimu wa ardhi ni mali yetu!) Juni 1852, katikati ya baridi, mto ukajaa usiku. Katika watu wapatao 250 walikufa kama 80. Waliopanda mapaa walichukuliwa na mapaa yao. Wengine waling'ang'ania miti. Waliowafuata huko ni Wawiradjuri, Yarri na Jacky Jacky. Mtumbwi wa Yarri ulikuwa wa gome la mti, unabeba mtu mmoja mmoja. Wawili hao waliokoa karibu watu 70. Yarri alivishwa bamba la shaba kifuani. Sanamu yao ilisimamishwa mjini mwaka 2017. Haraka ya nini!

Lakini mji ulihama. Ulipanda kilimani na haukurudi.

Sisi baada ya mafuriko ya Desemba 2011 tulitolewa bondeni tukapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Mama mdogo alikaa kidogo, akarudi. "Huko vitumbua nimuuzie nani?" Sikuwa na jibu, na sinalo mpaka leo. Gundagai walikuwa wachache, na kilima walijichukulia bila kumlipa Mwiradjuri hata senti. Kuhamisha bonde zima la Dar ni habari nyingine. Ila hata karakana ya mabasi ya mwendokasi tukaijenga Jangwani, bondeni mle mle, ikafurika. Walioamua hayo nao walikuwa wanauza vitumbua?

Basi wewe unayetuma hela nyumbani, kabla hujamlipa dalali, mtafute mzee wa mtaa huo umwulize maji yaliwahi kufika wapi. Akikuonyesha juu ya dirisha, rudi na hela yako.