Mwanya wa Bibi

Watu wakiona hedifoni ya bei kubwa huuliza maswali mawili. La kwanza ni bei. La pili ni kama besi yake inapiga. Swali ambalo sijawahi kuulizwa, na ambalo kwangu limekuja kuwa kubwa kuliko yote, ni hili: sauti inayotoka humo inafanana na nini? Kusifu hedifoni bila kujua sauti yenyewe ilikuwaje ni kama kusifu picha ya mtu usiyemjua. Picha inaweza kupendeza sana. Kama imemtoa vile alivyo, huwezi kusema.

Mimi nilihitaji jibu la swali hilo kwa sababu ya kaseti moja. Ilirekodiwa Ihanja mwaka 1994, kwenye harusi ya ukoo wetu, kwa redio kaseti ya baba mdogo. Anayeongoza nyimbo za Kinyaturu ni Bibi. Alifariki mwaka 2001, na hatuna sauti yake nyingine popote. Kwa kuwa kazi yangu Dar es Salaam ni kuhariri sauti za vipindi, ukoo ulinikabidhi kaseti hiyo niihamishie kwenye kompyuta kabla utepe haujakatika.

Kuhamisha si kazi ngumu. Unasafisha kichwa cha kusomea, unazungusha skrubu yake taratibu mpaka sauti nyembamba zichomoze, halafu unaacha utepe upite. Ugumu unaanza baadaye. Utepe wa kaseti hutembea sentimita 4.76 tu kwa sekunde, na daima una mvumo wake, kama mvua ya mbali isiyokatika. Zipo programu za kuuondoa mvumo huo. Tatizo ni kwamba mvumo unasikika zaidi kule juu, kwenye masafa yale yale zinakoishi herufi kama "s" na "f", pamoja na pumzi ya mwimbaji. Ukiondoa kidogo, wimbo unatulia. Ukizidisha, mwimbaji anaanza kuimba kama aliyezibwa mdomo kwa khanga. Mpaka kati ya kelele na Bibi niliupaswa kuuweka mimi, na ningeuweka kwa kusikiliza. Kwa hiyo ilibidi kwanza nijue ni kifaa gani nikiamini.

Nilisafiri kwenda Ihanja na vifaa vitatu. Cha kwanza kilikuwa spika ndogo za kuchomeka masikioni, zile zinazouzwa stendi kwa elfu chache. Cha pili kilikuwa hedifoni kubwa isiyo na waya, yenye besi ya kutikisa taya. Cha tatu nilikiazima kwa mfanyakazi mwenzangu: Sennheiser HD 600, muundo uliotoka mwaka 1997 na ambao mpaka leo wahariri wengi wa sauti wanautumia. Ukiitaka mpya, andaa kama milioni moja. Ina ukinzani wa omu 300, kwa hiyo ukiichomeka kwenye simu ya kawaida inaweza kunong'ona tu, inataka amplifaya. Tena mgongo wake ni wavu mtupu. Sauti inatoka nje, na ya nje inaingia.

Mchana hiyo ya tatu ilishindwa vibaya. Upepo wa Singida, kuku, pikipiki na mashine ya kukamua alizeti vyote viliingia kwenye harusi ya mwaka 1994. Ile ya besi kubwa, iliyofunika masikio kabisa, ilionekana bingwa. Lakini saa nne usiku, upepo ukiwa umelala, Ihanja ilinipa bure kile ambacho studio za mjini zinajengewa kuta nene ili kukipata. Tukaanza upya.

Ushindani wa haki una masharti. La kwanza ni kusawazisha ukubwa wa sauti, kwa sababu sikio hupenda kinachopiga juu zaidi na kukiita bora, hata kama tofauti ni ndogo. La pili ni kutotaja bei. Mwaka 1994, mwaka ule ule wa harusi yetu, Floyd Toole na Sean Olive walionyesha kuwa wasikilizaji wakiziona spika wanazozipima, alama wanazotoa hubadilika. Macho yanasikiliza pia. Na mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya vipimo vya hedifoni 283: hakukuta uhusiano kati ya bei ya hedifoni na jinsi inavyogawa sauti za chini, za kati na za juu. Bei inaweza kununua chuma kizuri, ngozi laini na jina. Ukweli wa sauti haumo kwenye risiti.

Basi sikutaja bei. Msikilizaji wa kwanza alikuwa Shangazi, mtoto wa Bibi, ambaye siku ya harusi alikuwa miongoni mwa wasichana walioitikia. Alivua kilemba ili mito ya hedifoni ikae vizuri, akafumba macho. Kwenye ile ya besi alitikisa kichwa mapema.

"Ngoma imempanda mama mgongoni," alisema. "Siku ile ngoma ilikuwa kule mlangoni. Yeye alikuwa hapa."

Kwenye spika za stendi alisema mama yake yuko ndani ya debe. Kwenye ile ya wavu alinyamaza muda mrefu, kisha akaanza kuitikia, polepole, nyuma kidogo ya sauti iliyomo, kama alivyofundishwa. Sikumuuliza alama.

Wanaoandika kuhusu hedifoni ghali hupenda kusifu upana: namna mpiga gitaa anavyosikika kulia na ngoma kushoto. Redio kaseti ya baba mdogo ilikuwa na maikrofoni moja, kwa hiyo kaseti yetu haina kulia wala kushoto. Wote wamesimama katikati ya kichwa chako. Ila Shangazi aliweza kuwapanga, huyu mbali na yule karibu, kwa sababu alikuwepo. Alichokipima ni kama kifaa kimeiacha kumbukumbu yake mahali pake.

Nikamwekea matoleo mawili, lisilosafishwa na lililosafishwa sana. Akasema hayana tofauti. Nilishangaa dakika moja tu. Umri huanza kuchukua sauti za juu kabla ya zote, na Shangazi amevuka miaka sitini na tano. Mvumo ambao mimi niliusafiria kutoka Dar es Salaam yeye haujui kabisa.

Mpwa wangu wa miaka kumi na miwili alikuwa akisubiri zamu yake. Yeye alisikia kila kitu. Lisilosafishwa lilimkera. Alisema linachemka kama mafuta. Kisha nikamwekea kipande cha katikati ya wimbo, pale Bibi anapoacha kuimba na kuwakaripia watu kwa Kiswahili: "Sogeeni, msisimame mlangoni!"

"Mjomba, kuna kitu kinapiga mluzi," alisema. "Kila akisema 's'. Kidogo sana."

Akarudia toleo lililosafishwa. Mluzi haukuwepo. Akaniuliza kama ni hitilafu ya kaseti, na kwa kweli hata mimi ningeweza kuuita hivyo. Bibi alifariki nikiwa mdogo. Namkumbuka mikono yake kuliko meno yake. Ni Shangazi, ambaye mluzi wenyewe hakuusikia, aliyecheka.

"Huo ni mwanya," alisema. "Mama alikuwa na mwanya hapa mbele. Tulikuwa tukimwiga tukiwa watoto, anatukimbiza."

Tangu usiku ule sijaweza kusoma sifa za hedifoni kwa moyo wa zamani. Tunazungumza kana kwamba sikio zuri ni la mtu mmoja, na kifaa kizuri kitamtosha. Pale kwetu, aliyeweza kuusikia mluzi hakujua ni wa nani, na aliyejua ni wa nani hakuweza kuusikia. HD 600 ilifanya kazi moja tu, nayo ilikuwa kubwa: haikuuficha. Ile ya besi ingeufukia chini ya ngoma, nami ningeufuta kwa amani kabisa.

Si kaseti ya kwetu pekee yenye jambo hili. Bendi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zao leo zinasambaa zikiwa zimesafishwa na zikiongezwa besi na watu ambao hawakuwahi kusimama mbele ya bendi hizo. Vijana tuna masikio mapya na vifaa vikali. Wazee wanajua gitaa lilivyolia ukumbini. Kila mwaka wazee wanapungua, na masikio ya waliobaki yanapungua kabla yao. Muda wa kuwakalisha wawili hao chumba kimoja si mrefu.

Uamuzi wangu ulikuwa mwepesi baada ya hapo. Faili la msingi la ukoo ni lile lisilosafishwa, na mvumo wake wote. La pili nimelipunguza mvumo kidogo, nikisimama kila mara kwenye neno "msisimame" kuhakikisha mluzi upo. Hedifoni nimemrudishia mwenyewe. Mpwa wangu anasikilizia spika za stendi, ambazo mluzi huo hazimpi vizuri, lakini sasa anajua ulipo. Shangazi amemwonyesha kwa kidole, kwenye meno yake mwenyewe, mahali mwanya ulipokuwa.