Mkoa wa Kusi

Mkoa wa Kusi ulikuwa na kilomita 16 kutoka kaskazini hadi kusini, na 16 nyingine kutoka baharini hadi milimani. Usiutafute kwenye ramani. Uliishi ndani ya kompyuta moja katika duka la kutoa kopi na kuchapa barua, Barabara ya 8, Ngamiani, Tanga, na ulizaliwa mwaka 2005, mwaka uleule mji wetu ulipopandishwa kuwa jiji. Mchana mashine ile ilichapa maombi ya kazi, risala za harusi na mitihani ya shule za msingi. Jioni, mlango wa duka ukishafungwa nusu, ilikuwa yetu: mimi na binamu yangu, mdogo wa mwenye duka, tukigombania kiti kimoja chenye magurudumu matatu.

Mchezo wenyewe ni SimCity 4, uliotengenezwa na Maxis ya Marekani na kutoka mwaka 2003. Nakala yetu ilikuwa CD ya kuchoma, na jalada lake lilikuwa fotokopi iliyotolewa palepale dukani. Aliyebuni ukoo huu wa michezo, Will Wright, alikuwa anatengeneza mchezo wa helikopta inayolipua visiwa, uliotoka 1984, akajikuta anafurahia kuvijenga visiwa vile kuliko kuvilipua. SimCity ya kwanza ikaja 1989. Kwa miaka mingi mchezaji alikabidhiwa mji mmoja tu wa kutawala. Toleo la nne ndilo lililotupa mkoa mzima: miji iliyopakana, kila mmoja na hazina yake, na barabara, nyaya, mabomba na reli za kuvuka mipaka.

Mkoa huanza na picha. Unafungua Paint, unatengeneza picha ndogo ambayo kila nukta yake ni kilomita moja ya mraba. Nukta moja nyekundu ni eneo la mji mdogo. Nukta nne za kijani ni mji wa kati, kilomita mbili kwa mbili. Nukta 16 za buluu ni mji mkubwa, nne kwa nne. Kwa hiyo mkoa wetu wote, na pwani yake na misitu yake na maelfu ya watu waliokuja kuhamia, ulianza kama picha ya nukta 16 kwa 16, doa ambalo mshale wa kipanya ulitosha karibu kulifunika lote. Binamu alitaka buluu tupu. Mimi nilitaka wekundu mwingi pwani, vijiji vya wavuvi vilivyofuatana. Tuligawana: yeye bara, mimi bahari, na katikati maeneo ya kijani ambayo kila mmoja wetu aliyahesabu kuwa yake.

Picha ya pili ni ya ardhi yenyewe, ya kijivu, ambapo weusi ni kilindi na weupe ni kilele. Binamu aliichora milima kama anavyoiona Usambara mtu anayetoka Muheza kwenda Korogwe, yaani mkononi mwake wa kulia, imeinuka bila kutoa taarifa. Kijivu kikaruka ghafla mno, na milima ikatoka na kuta zilizosimama wima. Ikabidi azilainishe kingo jioni mbili tatu, huku kaka yake akiuliza nani anamaliza wino, na sisi tunamwapia kwamba Paint haili wino.

Mito ilitutesa zaidi. Katika mchezo ule maji yote yamo katika usawa mmoja, usawa wa bahari. Mto hauteremki. Ukiutaka mto, unachimba bonde mpaka lifike chini ya usawa wa bahari, na maji yanajitokeza yenyewe na kusimama. Watoto waliokulia kando ya Mto Pangani, unaoshushwa kutoka Kilimanjaro na kuanguka pale Hale, waliliona jambo hili kuwa la aibu. Tulichimba hata hivyo. Mto wetu ulikuwa mkono wa bahari ulioingia bara, na tuliuita mto kwa heshima.

Mji wa kwanza niliuita Mtakuja, kwa sababu kwa muda mrefu hakuna aliyekuja. Unapanga viwanja, kijani kwa makazi, buluu kwa biashara, njano kwa viwanda, unavuta umeme, kisha unangoja. Alianza mmoja, nyumba ya mbao yenye gari mlangoni, wakafuata majirani zake. Hawakuwa na sura za kwetu, wala nyumba zao. Hapakuwa na genge, hapakuwa na kibaraza. Bibi yangu alipopita siku moja kuchukua funguo alitazama barabara zile pana zisizo na mtu anayeuza chochote, akauliza kama kuna msiba.

Binamu alianzisha Chuma, mpakani kabisa na Mtakuja, na hapo ndipo mkoa ulipoanza kuwa mkoa. Chuma palikuwa njano tupu: viwanda vichafu na mtambo wa makaa ya mawe. Watu wangu walilala Mtakuja na kwenda kazini Chuma, jioni wakirudi kwenye bustani zao. Gharama za shule na zahanati nililipa mimi, kodi za viwanda alikusanya yeye. Ila moshi haukuvuka mpaka. Ramani ya uchafuzi ya Chuma ilikoza rangi mpaka kwenye mstari wa mwisho wa mji, lakini ukifunga na kufungua Mtakuja, hatua moja ng'ambo ya mstari ule, hewa ni safi kabisa. Waliotengeneza mchezo labda walifanya hivyo ili mashine zetu zisizidiwe. Sisi tuliona kawaida. Aliyeishi Raskazone, penye upepo wa bahari, alijua kwamba vumbi la saruji ni la Pongwe, na hakukuwa na haja ya kulizungumza.

Taka ndizo zilizotugombanisha. Mchezo unaruhusu mji kuuza na kununua kwa jirani: umeme, maji, na kupeleka taka kwa malipo ya kila mwezi. Nilipoona dampo linakula uwanja wa nyumba za watu wenye pesa, nikamfunga binamu kwenye mkataba. Alifurahi, pesa iliingia. Kisha alipotaka kujenga kitu kingine pale alipotenga dampo, akakuta hawezi. Kiwanja chenye taka hakifutiki mpaka taka zioze, na taka zangu zilikuwa zinaongezeka. Akataka kuvunja mkataba. Nikamkumbusha kwamba amekula hela. Ugomvi ule ulitoka dukani ukaingia nyumbani, ukafika mezani, na mama akataka kujua ni taka zipi hizo na kwa nini hazijatolewa.

Kilichonikaa zaidi kichwani mpaka leo, hata hivyo, ni saa. Katika mkoa ule kila mji una kalenda yake. Unapocheza mmoja, mingine yote imesimama. Niliweza kuiendesha Mtakuja miaka 10, watoto wakazaliwa, wakasoma, wakapata kazi za maofisini, na taka zikiondoka kila mwezi kuelekea Chuma, wakati Chuma yenyewe iko palepale, mwezi uleule, moshi uleule juu ya bomba lilelile. Ukija kuifungua ndipo inashtuka na kuanza kukudai. Binamu alijifunza kuniwahi: akifika dukani kabla yangu, anaipeleka Chuma mbele kwa miaka, anafunga. Mji uliofunguliwa ndio unaoishi. Kijiji changu cha wavuvi, Kwa Bibi, kilikaa mwaka wa tatu kwa muda wote niliokuwa sekondari, kwa sababu hakikuwa na tatizo lolote la kunifanya nikifungue.

Kulikuwa na kioja kingine ambacho hatukukielewa wakati ule. Tulipounganisha Mtakuja, Chuma na Gati, mji wa bandari, kwa barabara zilizozunguka na kukutana, foleni ikajaa usiku na mchana ilhali ajira hazipungui. Baadaye nilikuja kujua kwamba wachezaji wa nchi nyingine waliliona na kulipa jina: wasafiri wa milele. Mtu anatoka mji wa kwanza kutafuta kazi wa pili, wa pili unamhesabu kuwa mpita njia na kumsukuma wa tatu, wa tatu unamrudisha kwao kwa mlango mwingine. Hafiki popote, na kila mji unamwandika kwenye takwimu zake.

Mwaka 2006 ukaja mgao. Mvua zilikuwa zimekosekana, mabwawa yamekauka, Mtera ikatajwa kila siku redioni, na nchi nzima ikajifunza kupika na kunyoa kwa ratiba ya umeme. Chini ya meza ya duka palikuwa na UPS iliyochoka. Umeme ukikatika ilianza kulia, na tulikuwa na muda wa kuhifadhi mji mmoja, basi. Hiyo ndiyo sababu tuliacha kucheza kwa kubahatisha. Tulikaa gizani na daftari, tukipanga: nani atamwuzia nani maji, mtambo wa nani uzimwe. Katika mchezo, mtambo unaozidiwa unazeeka haraka na mwisho wake unalipuka. Tulijenga wa makaa, wa gesi, wa upepo. Bwawa la umeme halimo kabisa katika orodha ile, na halingeweza kuwemo, maji yakiwa hayateremki.

Mjomba, baba wa binamu na mwenye duka, ndiye aliyekuwa akija kuhakikisha tumefunga. Alikuwa mtu wa reli tangu ujana, na baada ya kuacha kazi aliendelea kuamka saa za zamu. Jioni moja umeme ukiwepo alisimama nyuma yetu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Huu mji wa nani?"

"Ni mkoa, mjomba. Huu ni wangu, ule wa pale wa binamu."

Alivuta kigoda. Aliuliza umeme unatoka wapi, nikamwonyesha. Aliuliza mbona mto mnao na mlima mnao, na maporomoko hamna. Nikaeleza habari ya maji kusimama. Alitikisa kichwa kama aliyesikia habari za watu wa mbali wasio na bahati. Kisha akaiona reli, kipande binamu alichokipitisha juu ya kilima kwa nguvu, mpaka mchezo ukaukata mlima mfereji wenye kuta ndefu.

"Hii hapana," alisema. "Mnajenga miji, halafu mnatafuta pa kupenyeza reli. Reli inatangulia. Mji unakuja kuikuta."

Akatueleza ya kwake. Wajerumani walianza kutandika kutoka Tanga mwaka 1893, wakafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911, na njia yote hiyo reli haikuuparamia Usambara hata mara moja. Inautambalia mlima miguuni. Waliokaa juu Lushoto ndio waliopaswa kushuka Mombo, na kwa sababu walishuka, Mombo ikawa mji. Mkonge ulipangwa kando ya njia hiyohiyo. Alitaja stesheni kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, bila kupumua, kama mtu anayetaja wanawe. Treni za abiria kwenda Moshi zilikuwa zimekoma tangu miaka ya 1990. Zilikuja kurudi Desemba 2019, zikitokea Dar es Salaam, na mjomba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Basi tukaubomoa mkoa nusu. Nasema tukaubomoa, lakini mbomoaji alikuwa mjomba, kwa kidole, nasi tukibofya. Reli ikaondoka Gati, ikafuata tambarare, ikakunja kabla ya vilima, ikaupitia mlima kwa chini. Kila ilipofika mpakani, mchezo uliuliza kama tunataka kuunganisha na jirani, na ukifungua mji wa pili unakuta kipande kimekusubiri ukingoni. Mjomba aliipenda sana hiyo. Pale njia ilipokunja tuliacha eneo la kijani ambalo halikuwa na mwenyewe. Tukaweka stesheni ya mizigo na barabara moja, tukaliita Mwangaza kwa sababu siku hiyo umeme haukukatika. Viwanda vya Chuma vikaanza kutoa mzigo kwa reli kwenda Gati, foleni ya malori ikapungua, na Mwangaza, bila sisi kuupangia makubwa, ukaanza kuota nyumba kuzunguka stesheni.

Kompyuta ile iliuzwa duka lilipofungwa, na mkoa ukaenda nayo. Hatukuwa na pa kuuhifadhi. Binamu alilalamika zaidi kuliko mimi, maana dampo lilikuwa limeanza kuoza.

Lakini jioni reli ilipokamilika, mjomba alikuwa amekuja na karatasi. Nyuma ya risiti alichora jedwali la treni kwa kalamu nyekundu, na kuweka alama mahali treni ya kupanda itakapoingia pembeni kungoja ya kushuka, kama ilivyo kwenye njia moja ya Tanga. Tulisogeza kioo karibu, tukakuza picha mpaka reli ikaonekana vyuma vyake. Zilikuwa njia mbili, sambamba, toka bandarini hadi mlimani. Mchezo ule hauna reli ya njia moja. Treni mbili zikapishana mbele yake bila hata moja kupunguza mwendo.

Mjomba aliangalia karatasi yake, akaangalia kioo.

"Njia mbili," alisema. "Vyuma vyote hivyo, na hamjaweka hata mlinzi mmoja?"