Viatu vya Dereva

Watu wakijua kwamba napenda picha za kutisha hunitazama vibaya kidogo. "We mtu mzima, unaangaliaje mashetani?" Halafu vijana wa hapa mjini wananitajia zile wanazozijua wao: shingo inakatwa, utumbo nje, msumeno unanguruma, damu mpaka darini. Huwaambia hizo siziangalii. Nimekulia kwenye ng'ombe, damu naijua vizuri, na picha za namna hiyo zinanichefua tu. Kichefuchefu kinaisha ukitoka nje ukapunga upepo. Hofu unakwenda nayo nyumbani, unalala nayo.

Picha iliyonionyesha tofauti hiyo niliiona Bukene, mwaka 1997, ndani ya kibanda cha video. Kwa msomaji asiyepajua, Bukene iko wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora, stesheni kwenye reli ya kwenda Mwanza. Reli hiyo ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla yake nchi ile ilikuwa ya wapagazi na misafara ya pembe, na hata yule Speke alipotoka Kazeh mwaka 1858 kwenda kulitafuta ziwa alielekea upande wetu wa kaskazini. Wakati wangu mimi misafara ilikuwa imebaki kwenye vitabu vya historia. Tulikuwa na mpunga, ng'ombe, garimoshi, na malori.

Kibanda chenyewe kilikuwa kuta za turubai na mabati, mabenchi manne, na jenereta nje iliyonguruma kuliko picha yenyewe. Kiingilio sh. 50, sisi watoto tukiomba sana sh. 20 na kukaa chini. Mwenye deki ndiye aliyekuwa mfasiri wetu. Kiingereza chake sijui alikipata wapi, lakini hakuna siku aliyokosa la kusema. Rambo akifungua mdomo mara moja, jamaa alitufasiria dakika mbili, na ndani yake akamtukana mtu aliyekaa benchi la nyuma bila kulipa. Tulikuwa na sheria moja tu: steringi hafi.

Usiku huo aliweka mkanda usio na jalada. Mwanamume anaendesha gari dogo jekundu kwenye barabara ya jangwani. Mbele yake kuna lori la mafuta, chakavu, chafu. Analipita. Lori linampita yeye. Analipita tena. Basi, kuanzia hapo lile lori linataka kumuua, na hatuambiwi sababu. Hakuna bunduki, hakuna kareti. Mfasiri alijaribu jaribu mwanzoni, kisha akanyamaza, maana mle ndani karibu hakuna anayezungumza. Ndiyo mara ya kwanza niliisikia jenereta ile sawasawa.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua jina lake, *Duel*, ya mwaka 1971, iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni huko Marekani na Steven Spielberg, kijana bado, hajajulikana. Hadithi aliiandika Richard Matheson. Dereva wa lori uso wake huuoni. Unaona mkono ukitoka dirishani kuruhusu gari lipite. Unaona buti zake akiwa kituo cha mafuta. Basi.

Kisha yule bwana anaingia mgahawani kupumzika. Anatoka msalani, anachungulia dirishani, na lori lile limeegeshwa nje. Maana yake dereva ni mmoja wa hawa waliokaa humu wanakula. Anaanza kuwatazama miguu. Huyu buti. Yule naye buti. Karibu wote buti za namna moja! Utingo mmoja wa malori ya Isaka aliyekuwa amekaa mbele yangu akasema polepole, kama anajisemea, "Yumo humu humu." Kibanda kizima kimya. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi la mtu kwa mikono miwili, natetemeka, nina miaka kumi na miwili, na sababu ya kutetemeka haikuwa lori.

Ili unielewe, ndugu msomaji, inabidi nikurudishe nyuma miaka miwili.

Mwaka 1995 nilikuwa nalala kwa bibi, mama yake mama. Nyumba yake ilikuwa tembe ya zamani, peke yake kando ya mashamba ya mpunga, na babu alikuwa ameshafariki. Bibi alikuwa na macho mekundu. Kila bibi aliyepika miaka hamsini kwa kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe, kwenye nyumba isiyo na dirisha, ana macho mekundu. Lakini kwetu miaka ile, kuanzia Mwanza na Shinyanga mpaka huku Nzega, macho mekundu yaliweza kumuua mtu. Vikongwe waliuawa kwa mapanga usiku, kwa kudhaniwa wachawi. Tulizisikia habari hizo kama mtu anavyosikia mvua ya kijiji cha pili.

Mwaka huo mtoto wa jirani alifariki kwa homa. Ikasemekana wamekwenda kupiga ramli. Nani kaambiwa nini huko, hakuna aliyetamka. Kilichobadilika kilikuwa kitu kidogo sana: majirani waliacha kuja kuomba moto. Jioni zote tangu nipate akili, mtoto wa mtu alikuja na kigae kuchukua kaa la moto kwa bibi. Siku moja hakuja. Kesho yake hakuja. Bibi alikoka moto wake, akautazama, akasema, "Leo watu wote wana viberiti."

Usiku ukiingia alisukuma kinu mlangoni, akaongeza jiwe la kusagia. Mimi aliniambia nilale. Yeye alikaa kwenye kigoda, mchi mapajani, hajalala.

Usiku wa tatu, au wa nne, nikasikia nyayo. Katambuga. Anayezijua ndala za tairi la gari anajua mlio wake kwenye udongo mkavu, kaa, kaa, zito. Zilikuja zikasimama mbele ya mlango. Nikasubiri hodi. Hodi haikuja. Namwona bibi kwa mwanga wa kaa la mwisho, ameinua mchi kidogo tu, kama kipimo cha mkono mmoja, na hapumui. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Halafu nyayo zikaondoka.

Huenda ni sungusungu waliokuwa kwenye lindo lao. Huenda ni mlevi aliyepotea njia. Ndilo jambo lenyewe: sijui mpaka leo.

Asubuhi alama za tairi zilikuwa pale mavumbini. Nikatumwa maji. Bombani nikakuta watu, na kila mtu, "Mwangaluka," "Mwangaluka," kama siku zote. Nikaanza kuwatazama miguu. Huyu katambuga. Yule katambuga. Kijiji kizima, we acha tu, kilikuwa kinavaa katambuga. Wiki ile ile mama alikuja akamchukua bibi akamleta kwetu stesheni.

Sasa umeelewa kwa nini pale mgahawani mwa Spielberg nilitetemeka.

Baadaye nilipohamia mjini na kuanza kutafuta mikanda, kisha sidii, sasa simu, nilijikuta naitafuta picha ile ile kwa majina mengine. Nitakutajia chache, ukipata nafasi uzione, ila usizione mchana na usizione huku unajibu meseji. *Rosemary's Baby*, ya Roman Polanski, mwaka 1968: dada mjamzito kwenye nyumba ya ghorofa, na majirani wazee wakarimu kupita kiasi, wanamletea kinywaji cha kumpa nguvu kila siku. Ukarimu ule ndio unaokutoa jasho. Ukiwa umekulia mahali ambapo jirani hukosi kumkuta mlangoni, picha hii inakuhusu zaidi kuliko inavyomhusu Mmarekani aliyeitengenezewa.

*The Night of the Hunter*, 1955, picha pekee aliyoiongoza Charles Laughton, mwigizaji Mwingereza. Mhubiri muuaji anawawinda watoto wawili kwa ajili ya pesa. Wanakimbilia kwa bibi mmoja, na usiku bibi yule anakaa kwenye kiti chake, bunduki mapajani, naye mhubiri yuko nje gizani anaimba wimbo wa dini. Unajua bibi anafanya nini? Anaimba pamoja naye! Mara ya kwanza kuiona nilisimamisha mkanda nikatoka nje. Bunduki ile kwangu ilikuwa mchi.

*Psycho* ya Hitchcock, 1960, wengi mmeisikia kwa ajili ya mauaji ya bafuni. Iangalie tena. Haina rangi, damu yenyewe ilikuwa sharubati ya chokoleti, na jeraha ni kama hulioni. Unaona kisu, pazia, maji, mdomo wazi, na kichwa chako ndicho kinachomalizia kazi. *Jaws* ya mwaka 1975 nayo papa wake wa mitambo alikuwa anaharibika kila mara baharini, Spielberg akalazimika kumficha kwa sehemu kubwa ya picha. Uharibifu ule ulimfaidi. Na kuna *Cat People*, 1942, picha ya bei rahisi kabisa: mwanamke anatembea usiku, viatu vyake ko, ko, ko, na nyuma yake viatu vingine. Mara vile vya nyuma vinakoma. Hapo ndipo anapoanza kukimbia, vilipokoma. Aliyeitunga picha hiyo, nadhani, alishawahi kulala kwenye tembe.

Za karibuni, *Get Out* ya Jordan Peele, 2017. Tena ni ukarimu.

Hitchcock aliwahi kumweleza Mfaransa Truffaut kwamba bomu likilipuka chini ya meza ghafla unampa mtazamaji mshtuko wa sekunde chache. Lakini ukimwonyesha bomu mapema, kisha ukawaacha watu mezani waendelee na maongezi yao ya kipuuzi, umempa dakika kumi na tano za mateso. Kwa Kibukene ni nyoka chini ya mkeka, na wageni ndio kwanza wanakaa.

Hata hapa kwetu tunajua hivyo, ila tukishika kamera tunasahau. Mwaka huohuo wa 1995, Pemba na Unguja watu walilala nje, wamekusanyika, moto umewashwa, kwa hofu ya Popobawa, na habari zake zikavuka mpaka Dar es Salaam. Uso wake nani anaweza kukuchorea? Kila mtu alikuwa na wake. Picha zetu za Kiswahili za kutisha zilipoanza, miaka ya 2000, nilizikimbilia. *Nsyuka* na *Shumileta* za Mussa Banzi nimeziona zaidi ya mara moja na nina heshima nazo, maana alithubutu wakati wenzake wanapiga picha sebuleni. Malalamiko yangu ni kwamba jini namwona mapema mno. Nikishamwona nahesabu rangi alizopakwa.

Lakini nani mimi wa kulalamika. Mwaka 2003 nikiwa kidato cha nne niliandika hadithi yangu ya kwanza kwa gazeti la ukutani la shule. Nilimwandika bibi. Nyayo, mlango, kinu, vyote viko. Kisha nikaona haitoshi, wenzangu watasema hakuna kitu, nikavunja mlango. Nikaingiza wanaume watatu na mapanga. Nilieleza kila pigo, ukuta ulivyorukiwa, mkono ulivyodondoka. Ilipendwa ile! Wenzangu walisukumana ukutani kuisoma. Nikainakili vizuri nikaenda nayo Bukene likizo, nimpe mama aone mwanawe ni mwandishi.

Mama aliisoma yote, akiwa amekaa mkekani anachambua mchele. Bibi alikuwa uani, nilikuwa namsikia anakohoa. Mama alikunja karatasi zile mara nne.

"Miaka yote hii hawajaingia," akasema. "Wewe ndiye umewafungulia mlango."

Hakuongeza neno, akarudi kwenye mchele wake.

Hadithi ile nimeiandika upya mara nyingi tangu hapo. Mapanga niliyatoa siku ile ile. Kazi imekuwa kuuacha mlango umefungwa na bado msomaji asiondoke. Kuna toleo ambalo mtoto anachungulia kwenye ufa, nimelichana. Kuna lingine asubuhi anamtambua mwenye nyayo. Nalo nimelichana, uongo mtupu. Ninalofanyia kazi sasa lina ukurasa mmoja tu wa usiku ule, mengine yote ni majirani na moto wa kuomba.

Mwaka juzi nilipita Bukene kwa msiba. Pale sokoni mzee mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanitaja kwa jina la utoto. Alikuwa jirani yetu wa kule mashambani. "Na bibi yako je, mjukuu wangu? Yule mama alikuwa mtu mwema sana." Akaendelea kunishika mkono, anatabasamu, ananitazama machoni. Nami nikainamisha kichwa kwa heshima, nikamtazama miguu.

Malapa ya bluu, ya plastiki. Nikamwambia alishafariki, mwaka 2004, usingizini.