Povu la mdomo lilizima moto wa jirani

UMBEYA nadhani unaujua. Kama huujui, basi hujawahi kupanga chumba kwenye nyumba yenye bomba moja. Leo nakuletea neno la Kigiriki cha kale lililoninyima usingizi wiki nzima.

Neno lenyewe ni phluareo. Limo katika Waraka wa Tatu wa Yohana, barua fupi yenye sura moja tu. Mwandishi anamlalamikia Diotrefe, bwana mmoja anayependa kuwa wa kwanza, anayekataa kuwapokea ndugu wageni na kuwafukuza kanisani wanaotaka kuwapokea. Juu ya hayo, anawasema wenzake hovyo. Hapo ndipo neno hilo linapokaa, na katika Agano Jipya zima kitenzi hicho hakionekani tena. Ndugu yake wa karibu yumo katika Timotheo wa Kwanza, sura ya 5, panapotajwa wanaozunguka nyumba kwa nyumba wakipiga domo.

Nilimwuliza mchungaji wetu, ambaye ana kamusi nene ya Kigiriki. Akaniambia asili ya neno inahusishwa na kuchemka na kufurika, kama chungu kinachomwaga povu. Yaani ni kutoa maneno matupu, yasiyo na kichwa wala miguu. Hata Plato, katika Phaedo, akieleza siku ya mwisho ya Socrates mwaka 399 KK, anatumia neno la ukoo huohuo kwa maana ya upuuzi tu.

"Kumbe si kosa kubwa," nikasema.

"Soma mbele, mama," akanijibu. "Mwandishi hakuishia kwenye upuuzi. Anasema maneno yenyewe yalikuwa maovu. Povu la Diotrefe lilikuwa linaunguza watu."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimekumbuka mwaka 2016.

Tulikuwa na jirani, fundi cherehani, ndiye aliyetunza pesa za mchezo wetu wa kupeana. Siku tatu hakuonekana. Asubuhi moja, tukiwa bombani, nikasema huku nacheka, "Jamani, msije mkakuta kaingia mitini na hela zetu!" Ndiyo hivyo tu. Ndoo yangu ikajaa, nikaondoka.

Jioni habari ilinirudia ikiwa imenenepa: kaonekana stendi na mabegi mawili! Nikaguna, "Mh!" Sikusema kwamba mpishi wa habari ile nilikuwa mimi.

Kumbe mwenzetu alikuwa hospitali, mwanawe kalazwa. Alirudi, na siku ya kutoa ilipofika alitoa mpaka shilingi ya mwisho. Lakini nani alimwamini tena? Mchezo akapokonywa. Wateja wa nguo nao wakapungua mmoja mmoja. Baada ya miezi michache akahama.

Msomaji, mimi sikumchukia hata kidogo. Sikuwa Diotrefe, sikutaka ukubwa wowote. Nilitaka watu wacheke bombani. Ila ukipika unajua: chungu kikifurika, povu halichagui. Linazima moto uliokuwa unakiivisha.

Mwezi uliopita nilimtafuta, nikamwambia ukweli wote. Alishona mpaka mwisho wa pindo bila kuinua uso. Kisha akasema, "Dada, siku zote nilidhani ni mtu aliyenichukia. Kumbe ulikuwa unatania." Sikujua kama ananisamehe au ananihukumu. Alinipa chai, nikanywa.

Siku hizi bombani wenzangu wananiona nimekuwa bubu. Si bubu. Nikiona maneno yanapanda, nakumbuka kufunua mfuniko na kupunguza kuni. Na wewe jaribu, shoga yangu. Na wewe kaka unayecheka hapo, kijiweni kwenu nako kuna chungu.